Shajara ya chemba ya migomba: kuzalisha miche ya Mchare kihambani, Moshi vijijini

15 Juni 2024: Kwa nini chemba

Migomba ya Mchare, aina ya ndizi ya kupika, kihambani kwetu, yaani shamba letu la nyumbani, imezeeka. Matunguu yamepanda juu ya udongo, mizizi iko nje, na upepo kidogo tu mgomba unalala na mkungu wake. Tumeamua kung'oa nusu eka na kupanda upya masika yajayo. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, nusu eka inameza migomba 225 hivi.

Miche 225 ndiyo shida yenyewe. Mchare haina mbegu. Tunda lake linavimba bila kuchavushwa, na vile vidoa vyeusi unavyoviona katikati ya ndizi ni mbegu ambazo hazikuwahi kuumbika. Kila Mchare iliyopo Kilimanjaro ni kipande cha Mchare iliyoitangulia, na njia yake ya kuzaa ni kutoa machipukizi ubavuni mwa tunguu. Shina moja, kwa mwaka, linatoa machache yanayofaa kupandwa, na ukiyang'oa yote unaukata uzao wa mama. Miche ya maabara niliyoulizia ni shilingi 3,000 hadi 4,000 mmoja, bila nauli. Zidisha kwa 225 uone.

Chemba ya unyevu, yaani sanduku lililofunikwa la kuchipushia matunguu, inacheza na jambo moja la maumbile. Lile "shina" refu la mgomba si shina, ni magamba ya majani yaliyokumbatiana. Shina halisi ni tunguu lililo chini ya ardhi, na pale kila jani linapoanzia pana jicho. Macho mengi yanalala maisha yao yote, kwa sababu moyo unaokua juu unateremsha homoni inayoyazuia. Ukiuua moyo na kulifukia tunguu mahali penye joto na unyevu, macho yanaamka kwa pamoja.

Naandika hatua, gharama na hasara ili anayetaka kuiga asianzie sifuri.

22 Juni 2024: Kujenga

Sanduku la mabanzi, urefu mita 3, upana mita 1.2, kimo cha sentimita 60 juu ya ardhi. Juu yake fremu ya fito za mgrevilia iliyofunikwa nailoni nyeupe nzito, na juu ya nailoni neti ya kivuli. Mlango uwe upande mfupi, na nailoni ifike chini kabisa, mvuke usitoroke.

Mabanzi 18,000, misumari 4,000, nailoni 28,000, neti 20,000, fundi 25,000. Jumla 95,000.

Tumeiweka karibu na mfongo, ule mfereji wa maji, ili maji yasiwe tabu. Ila mahali hapo hapana mti wowote wa kivuli. Kwa Juni hii ya mawingu haina neno. Mbele ya safari kitaonekana.

29 Juni 2024: Kuchimba, kumenya, kuchemsha

Tunataka chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka, lililoshikana na mama yake, tunguu nene. Lenye majani mapana liache, maana hilo linajilisha lenyewe mapema na tunguu lake ni dogo na dhaifu. Tulipata 20 kihambani kwetu, na 20 tukanunua kwa muuzaji mmoja wa njiani kwa 1,000 kila moja. Kibarua wa kuchimba 20,000.

Kumenya ndiko kulikotuonyesha tumenunua nini. Kwa nje machipukizi ya muuzaji yalikuwa manene na ya kupendeza kuliko yetu. Kisu kilipoondoa mizizi na ganda la nje, nyama iliyotakiwa kuwa nyeupe ilikuwa na njia nyeusi zinazopinda, na ndani ya njia moja kiluwiluwi cheupe, mnene, kichwa cha kahawia, kinatafuna bila habari na sisi. Huyo ni fukusi wa migomba. Matunguu 8 kati ya 20 yalikuwa naye. Tuliyachoma. Mtu angeyapanda moja kwa moja shambani angekuwa amejipelekea fukusi kwa nauli yake mwenyewe.

Hili ndilo ningependa msomaji alibebe kuliko vipimo vyote vya chemba: kuzalisha kwa tunguu ni kunakili. Nakala haichagui. Utamu wa mama unakuja, na fukusi, minyoo ya mizizi na virusi vyake navyo vinakuja. Kagera, baada ya mnyauko bakteria kuthibitishwa huko mwaka 2006, machipukizi yaliyotoka shamba hadi shamba yalikuwa miongoni mwa njia za kuusambaza, pamoja na visu na wadudu wanaotembelea maua. Kwa hiyo kisu chetu kinachovywa kwenye Jik iliyochanganywa na maji kila kinapohama kutoka tunguu moja kwenda jingine. Jik na glovu: 6,000.

Matunguu 32 yaliyobaki tuliyazamisha kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Sio 20, sio dakika mbili. Muda huo unaua mayai ya fukusi na minyoo iliyo karibu na ngozi, nyama ya ndani haiwahi kuiva. Mama mkwe alisimama pembeni ya sufuria mikono kiunoni: "Mwanangu, ukichemsha mbegu utavuna mtori," yaani supu ya ndizi. Nilimwambia asubiri. Amesubiri, na kila siku anauliza mtori umefikia wapi.

Kisha kubandua magamba. Unaanza na la nje, unalikata kwa kisu chembamba kama milimita mbili juu ya pale linaposhikana na tunguu, unalizungusha na kulitoa. Tazama pale kingo mbili za gamba zilipokuwa zinakutana: pana alama ya umbo la V, na ndani yake kinundu cheupe kisichozidi punje ya mchele. Hilo ndilo jicho. Unakwenda gamba kwa gamba hadi magamba yawe membamba mno kushika, kila moja linafichua jicho lake. Mwisho unakata msalaba juu ya moyo, tunguu linaachwa kivulini siku moja likauke jeraha, ndipo linaingia chemba.

30 Juni 2024: Vumbi la mbao

Tumeleta magunia ya vumbi kutoka karakana ya mbao mjini. Lenyewe ni bure, ila kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilidai 15,000. Tukalimwagia maji ya moto, tukajaza chemba, matunguu yakapangwa bila kugusana, yakafunikwa vumbi la sentimita 3. Nailoni ikafungwa.

3 Agosti 2024: Harufu

Julai Moshi ni baridi, na asubuhi kipimajoto ndani ya chemba kilikuwa kinasoma 19 hadi 21. Chemba inataka 30 na zaidi. Wiki tatu zinazotajwa na wataalamu zikapita, hakuna kilichochomoza. Ya kwanza yalitokea mwishoni mwa wiki ya tano.

Kabla ya hapo ilikuja harufu, ya ndizi zilizovundia ndani ya gunia. Tulipofukua, matunguu 11 yalikuwa yameoza. Ukiyabonyeza kidole kinazama. Juu ya vumbi palikuwa na utando mweupe wa ukungu.

Vumbi ndilo lilikuwa na makosa mawili. La kwanza, lilitoka karakana inayopasua kila kitu: mninga, mkangazi, mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Mbao ngumu zina kemikali zinazodumaza chipukizi, na za dawa ndiyo usiseme. Linalotakiwa ni la mbao laini, kwetu huku paina. La pili, maji ya moto ya kumwagia juu hayaui ukungu, yanalowanisha tu. Vumbi linapikwa kwa mvuke.

Matunguu 21 yaliyochipua nayo hayakufanana. Kati ya hayo, 5 yalitoa chipukizi moja tu, nene, limesimama katikati, macho ya pembeni yamelala. Tulipasua moja kujua kulikoni: msalaba haukufika kwenye moyo, ulikata magamba ya juu tu. Moyo ulipona, ukaendelea kukua na kuwakandamiza wadogo zake vilevile kama shambani. Dawa yake ni rahisi. Kata tena msalaba, safari hii kwa kuchimba na ncha ya kisu hadi utoe kile kichuguu cha katikati, urudishe tunguu chemba. Yalianza kutoa ya pembeni, ila kwa kuchelewa.

Na kuna matunguu matatu ambayo upande mmoja ulijaa machipukizi, upande wa pili mtupu. Hayo gamba lilikatwa chini mno, jicho likaondoka na gamba. Aliyekuwa na kisu alikuwa na haraka ya kwenda mazishini, na siwezi kumlaumu.

24 Agosti 2024: Kuhamishia kwenye viriba

Chipukizi likiwa na majani matatu au manne na mizizi yake yenyewe, linakatwa pamoja na kipande kidogo cha tunguu na kuwekwa kwenye kiriba, mfuko wa kukuzia mche. Udongo wa msituni ndoo mbili, samadi iliyooza ndoo moja, mchanga nusu. Viriba 14,000. Tumepata miche 97.

Hapo 14 ilikufa. Miche iliyozoea hewa ya mvuke iliwekwa nje kwenye jua la saa nane mchana, na jioni ileile majani yalikuwa yamelala kama vitambaa. Iliyobaki tuliirudisha ndani ya kibanda chenye neti mara mbili, maji asubuhi na jioni, na kuifungulia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mizizi ikiishika udongo mche unajitegemea. Kabla ya hapo jani linapoteza maji mengi kuliko yanayopanda.

Mizania ya awamu hii: chemba 95,000, kirikuu 15,000, machipukizi 20,000, kibarua 20,000, viriba 14,000, Jik na glovu 6,000. Jumla 170,000 kwa miche 83 iliyo hai, yaani kama 2,050 kila mmoja. Afadhali kuliko maabara, lakini si kwa kujivunia.

5 Oktoba 2024: Awamu ya pili

Mabadiliko haya:

Hakuna kununua chipukizi lolote la nje. Tumechagua akina mama kihambani wakiwa wamebeba mikungu, tukawafunga kamba ya mkonge: mkungu mkubwa, majani yasiyo na michirizi, hakuna hata dalili moja ya kunyauka. Machipukizi ni ya hao tu. Mtindo wa kuchimba popote penye chipukizi unakupa nakala za migomba ambayo hukuwahi kuonja ndizi zake.

Vumbi ni la paina tupu, limetoka mashine ya kupasua mbao huko juu karibu na msitu wa kupandwa. Kirikuu 25,000 kwa sababu ya umbali.

Vumbi limepikwa. Pipa la lita 200, maji kimo cha kiganja chini, mawe, juu ya mawe magunia ya katani yaliyojaa vumbi, mfuniko, moto kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Magunia ya plastiki yanayeyuka, msijaribu. Na kwa kuwa nimegusa katani: mkonge nao hauendi kwa mbegu, bali kwa vitoto vinavyoota kwenye mlingoti wake. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vitoto 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika hai katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1893 vilikuwa 62. Mashamba yote yale ya Tanga yalianzia hapo. Nilipokuwa nahesabu matunguu yangu yaliyooza mwezi Agosti, hesabu ya Hindorf ilinipa moyo.

Matunguu 30 yameingia. Kibarua 20,000, Jik 4,000.

2 Novemba 2024: Yanachomoza

Joto la Oktoba limefanya kazi yake. Ndani ya chemba panacheza kati ya 30 na 36 mchana, na machipukizi ya kwanza yametoka kabla wiki ya nne haijaisha. Yaliyooza ni 2. Mama mkwe amefunua nailoni mwenyewe na kuangalia muda mrefu, kisha akasema tu, "Haya." Mtori haujatajwa tena.

Tumejaribu pia kukata mara ya pili. Chipukizi likifikia urefu wa kiganja, badala ya kulihamisha, unalikata sentimita mbili juu ya kitako na kulipiga msalaba kama ulivyolifanyia tunguu mama. Nalo lina macho yake. Tumefanya hivyo kwa nusu ya matunguu, nusu nyingine tukaiacha ikue kawaida ili tulinganishe.

7 Desemba 2024: Jua la saa saba

Kile nilichokiandika Juni kuhusu kivuli kimekuja. Siku mbili za jua kali bila wingu, nailoni imefungwa pande zote, na kipimajoto kimesoma 47. Machipukizi yaliyokuwa karibu na nailoni yameiva: majani ya kahawia, ncha zimekauka. Tumepoteza 40 hivi.

Tumefanya vitu viwili. Neti ya pili imewekwa, lakini sio juu ya nailoni. Imeinuliwa kwa fito nusu mita juu yake ili hewa ipite katikati. Neti inayolalia nailoni inapata moto na kuupitisha ndani. Na kuanzia saa nne hadi saa tisa mlango unafunguliwa upana wa mkono, na vumbi linanyunyiziwa maji. Baada ya hapo haijavuka 38. Nailoni iliyochanika kwa joto imezibwa, 9,000.

Anayejenga upya aijenge chini ya mti. Mgrevilia unafaa, majani yake yanapitisha mwanga kiasi. Sisi tumebaki na fito.

18 Januari 2025: Hesabu ya miche

Kwa jumla matunguu 28 yalitoa machipukizi 290. Ukitoa 40 yaliyoungua na 10 yaliyokufa kwenye viriba, tuna miche 240 ya awamu hii.

Matunguu yaliyokatwa mara ya pili yalitoa karibu mara mbili ya yale mengine. Ila miche yake ni midogo na imehitaji wiki nyingi zaidi kibandani. Kama una haraka ya masika, usikate mara ya pili baada ya Novemba. Kama una nafasi ya kusubiri, kata.

Gharama ya awamu: vumbi 25,000, viriba 42,000, kibarua 20,000, Jik 4,000, nailoni 9,000. Jumla 100,000, yaani 417 hivi kwa mche. Ukichanganya awamu zote mbili, pamoja na chemba, 270,000 kwa miche 323, ni kama 836. Sijahesabu kuni, samadi wala nguvu zetu wenyewe, kwa hiyo asiye na ng'ombe na miti aongeze.

29 Machi 2025: Kupanda

Mvua imeshika. Mashimo sentimita 60 kwa 60, samadi debe mbili kila shimo, udongo wa juu ukarudi kwanza. Migomba ya zamani iling'olewa Septemba na matunguu yake kukatwakatwa na kuanikwa, kwa kuwa fukusi anazaliana kwenye mabaki. Mpaka wetu na jirani, ambao uling'olewa kidogo wakati wa kubeba mabaki, tumeurudishia masale. Hayo hayataki chemba wala sufuria: unavunja tawi, unalichomeka, unaondoka.

Miche 225 imeingia shambani. Iliyobaki, majirani wawili wamechukua 60 kwa 1,500 mmoja, mingine iko kibandani kwa kujazia mapengo. Mmoja wao aliuliza kama miche hii itawahi kubeba kuliko chipukizi la kawaida. Nilimwambia ukweli: haitawahi. Chipukizi kubwa la kuchimba lina akiba ya chakula kwenye tunguu, mche wa kiriba hauna. Faida yake ni usafi na wingi, na shamba zima kwenda kwa umri mmoja.

Hasara yake ipo pia, na mnunuzi aijue. Miche yote hii ni akina mama wachache waliofungwa kamba. Ugonjwa unaomshinda mmoja utawashinda wote. Ndizi ya Gros Michel, ambayo kwetu huitwa Jamaica, ilikuwa ndizi ya biashara ya kimataifa hadi mnyauko fuzari ulipoifagia Amerika ya Kati, na kufikia miaka ya 1960 wauzaji wakahamia Cavendish. Mashamba yale yalikuwa nakala tupu. Kwa sababu hiyo nusu eka yetu ina mistari ya aina nyingine za ndizi, Mzuzu na Kisukari, katikati ya Mchare, na ile robo ya zamani iliyo karibu na nyumba hatukuigusa.

20 Septemba 2025: Miezi sita shambani

Miche 11 imekufa, mingi kwa mchwa upande wa juu. Tumejazia. Mingine imefika kiunoni na kupita, na imeanza kutoa machipukizi yake. Tunaacha mama, mtoto mmoja na baadaye mjukuu, mengine yanakatwa mapema.

Tulichimbua kitako cha migomba michache kutafuta fukusi. Mmoja tu ulikuwa na njia nyeusi, nao uko mstari wa mwisho, unaopakana na shamba la zamani la jirani. Tumeweka mitego: kipande cha mgomba uliovunwa, kimepasuliwa katikati, upande uliokatwa umelala chini karibu na shina. Fukusi wakubwa wanakuja usiku kwa harufu, asubuhi unawaokota na kuwaua. Jirani amekubali aweke mitego upande wake pia, la sivyo tungekuwa tunamvulia yeye.

Chemba imejazwa tena wiki hii, matunguu 30, sasa ya Kisukari, aina ambayo majirani wanaiulizia zaidi sokoni. Vumbi ni lilelile la paina, limepikwa upya. Nitaandika idadi ya machipukizi kwa tunguu yakishahamia kwenye viriba, ili ilinganishwe na Mchare.